Kidole Gumba na Uzi wa Tano

Msafiri atokaye pwani kwenda Katanga kwa njia ya nchi kavu, akavuka mpaka Tunduma na kuikata Zambia hadi ukanda wa shaba, hukutana na Kakontwe kabla hajafika Kakontwe. Kwa maana wataalamu wa elimu ya miamba, walipotaka jina la kuliita tabaka la mawe ya chokaa lililolala chini ya nchi hizi mbili tangu zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, waliazima jina la mtaa huu wa Likasi, na tangu hapo mawe yachimbwayo Ndola kwa ajili ya saruji, na majabali yaliyofumbata zinki na shaba ya Kipushi, yote vitabuni huitwa Kakontwe, hata na watu wasiopata kuukanyaga mtaa wenyewe. Njia nzima kutoka Ndola hadi Kasumbalesa malori yaliyobeba mabamba ya shaba yalipishana nasi yakielekea nilikotoka, bandari ya Dar es Salaam, nami nikielekea yalikotoka. Na sikuwa na haja ya shaba wala ya saruji, bali ya gitaa.

Gitaa lenyewe nililipata Lubumbashi, kwa mpigaji mmoja wa makamo aliyeuacha muziki wa usiku na kushika biashara ya unga wa mahindi, naye hakuliuza kwa dhiki, aliliuza kwa ile raha ya mtu aliyekwisha kukata shauri. Ni gitaa la besi la umeme lenye nyuzi tano, lililoundwa Indonesia, rangi yake damu ya mzee, na begi lake limeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Tulipatana bei kwa dola, tukamalizia kwa faranga, tukanywa soda. Kisha akaniusia nisiliache kamwe usiku kucha na waya wake umechomekwa, kwa kuwa ndani yake mna betri ya volti 9 ambayo huliwa muda wote waya umo, hata kama hakuna agusaye uzi. Mawaidha haya nimeyasikia kwa wapigaji wa Tanga na wa Nairobi pia, na sijui usia mwingine wa fani hii usambao mbali kiasi hiki bila ya kuandikwa popote.

Mtu ambaye mikono yake imelelewa na nyuzi nne, kama yangu ilivyolelewa katika bendi za harusi na kumbi za dansi, akilishika gitaa la namna hii kwa mara ya kwanza, aghalabu hutazama uzi mpya ilhali mabadiliko makubwa yako kwingine. Shingo ni pana, hata kiganja cha kushoto hulazimika kufunguka zaidi na kidole gumba chake kushuka chini nyuma ya mti. Uzito wapata kilo nne na nusu, wote waegemea bega moja. Na uzi wa E, ambao siku zote ulikuwa ndio ukingo wa mwisho na ndio mahali ambapo kidole gumba cha kulia hutua kupumzika, sasa umekuwa wa pili, na nafasi yake imekaliwa na uzi wa B, mnene wa zaidi ya milimita 3, mlegevu kidogo kuliko wenzake, utikisikao waziwazi mbele ya macho. Mkono hauna habari ya mabadiliko haya. Huenda mahali pake pa kale kwa uaminifu, ukapiga sauti iliyo nne chini ya ile iliyokusudiwa, na mwenye kuimba akageuka kutazama nani aliyeingia.

Uzi wa E hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na huu wa B mara 31 kasoro kidogo. Tofauti hiyo ya mitetemo 10 karatasini ni haba, lakini sikioni ni nchi nyingine, kwa sababu sauti ya mitetemo 31 imekaribia mpaka ambapo sikio la mwanadamu huacha kusikia na kifua kikashika zamu. Kwa ajili hiyo mafundi wengine huirefusha sehemu ya uzi inayolia, wakaifanya inchi 35 badala ya 34 zilizo desturi, ili uzi mnene upate kukaza na kusema bayana. Na gitaa langu ni katika hao warefu, jambo nililoligundua siku ya kwanza kwa maumivu ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Wapo wapigaji wakubwa, ninaowaheshimu, wasemao kwamba uzi wa tano ni israfu, na hoja yao si dhaifu. Leo Fender alipolitoa gitaa lake la besi huko California mwaka 1951 aliliwekea nyuzi nne, mfano wa zeze kubwa la kusimama ambalo wapigaji walikuwa wamechoka kulibeba, na kwa nyuzi hizo nne ulimwengu mzima ulicheza. Flavien Makabi katika TPOK Jazz ya Franco hakupungukiwa na kitu, na aliyesikia namna sauti zake zinavyotembea chini ya magitaa matatu, bila ya haraka na bila ya kukosa mlango wowote, hawezi kusema kwamba palihitajiwa cha kuongeza. Fender mwenyewe alijaribu nyuzi tano mwaka 1965, lakini uzi aliouongeza ulikuwa wa juu, mwembamba, na watu hawakuupenda. Uzi wa chini uliingia katika miaka ya 1970 kwa shauku ya wapigaji wachache wa Marekani, akiwamo Anthony Jackson ambaye mwaka 1975 aliundiwa gitaa la nyuzi sita, kisha ukaenea katika miaka ya 1980, pale vinanda vya umeme vilipoanza kushuka hadi sauti ambazo mpigaji wa besi hakuwa nazo, naye akaona ananyang'anywa kazi yake mchana kweupe. Kwa hiyo uzi wa tano, kwa asili yake, ni silaha ya kujihami. Na mimi nilipoununua sikuwa nimeshambuliwa na yeyote.

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita zipatazo 120 kuelekea kaskazini-magharibi, na barabara ikiwa njema na magari ya migodi yakiwa yamepungua, mtu hufika kabla gitaa halijamchosha magotini. Mji huu hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, bwana mkubwa wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na iliyoushika mji huu kwa viwanda vya Shituru na Panda, kwa reli, kwa hospitali na kwa nyumba za safu moja moja. Na watu wa ng'ambo, wakilitaja jina hilo la kale, hukumbuka vita vya Septemba 1961, ambapo askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa humo, au hukumbuka urani ya Shinkolobwe iliyo karibu, ambayo iliingia katika bomu la Hiroshima. Hayo yameandikwa sana. Mimi nilikwenda Likasi kwa ajili ya jambo jingine lililotukia hapo, ambalo halikuua mtu.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta hapa Jadotville kijana wa miaka ishirini na kitu aitwaye Mwenda Jean Bosco, akapokea kutoka kwake nyimbo kadhaa kwa gitaa kavu, na mmojawapo ulikuwa Masanga. Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, ikulu ya zamani ya Msiri, yule mfalme wa Bayeke aliyetoka upande wa Unyamwezi, akatawala biashara ya shaba na pembe, na akauawa mwaka 1891; na bila ya misafara iliyofika Bunkeya kutoka pwani yetu huenda nisingekuwa na lugha ya kusemea na mtu hapa, ingawa Kiswahili nilichokikuta kimeota matawi yake chenyewe na hakiniombi ruhusa. Santuri za Bosco, zilizotolewa na Gallotone ya Afrika Kusini, zilifika kila mahali palipokuwa na gramafoni. Yeye mwenyewe alifika Nairobi mwaka 1959, na vijana wa Kenya wakajifunza vidole vyake; na David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alizichambua kazi zake noti kwa noti katika makala alizozitoa miaka ya 1961 na 1962, akitaka kuonyesha jinsi mtu mmoja mwenye gitaa moja anavyoweza kusikika kama watu wawili au watatu.

Siri ilikuwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Cha shahada kilipiga wimbo juu, chepesi, kikitangulia mapigo na kuchelewa kwa makusudi. Na gumba kilishuka chini kikashika nyuzi nene, kikatembea kwa hatua zake, kikauacha wimbo ufanye uhuni wake maadamu nyumba haitikisiki. Mwenye kusikiliza Masanga kwa mara ya kumi huanza kuisahau sauti ya juu na kukifuata kidole gumba, na hapo ndipo hubainikiwa kwamba kazi yote ya mpigaji wa besi ilikuwa imekwisha kupangwa Jadotville mwaka mmoja tu baada ya Fender kulitoa gitaa lake, na kijana ambaye, kwa kila dalili, hakuwa amepata kuliona. Bendi za Katanga zilipokuja kushika umeme, zikashuka hadi kwetu Afrika Mashariki, kama Super Mazembe walioanza Lubumbashi mwaka 1967 kwa jina la Super Vox na kuingia Nairobi mwaka 1974, kidole hicho kilipewa mtu wake peke yake na chombo chake peke yake. Hii ndiyo itikadi yangu, na mwanamuziki wa Kinshasa ana haki ya kuipinga, kwa kuwa kwao besi ilitoka katika zeze kubwa na katika santuri za Kuba. Lakini mimi siandiki kutoka Kinshasa.

Kakontwe nilikwenda kwa mwaliko wa rafiki, mwalimu wa kwaya, ambaye huku wote humwita maestro. Mtaa umekaa kando ya machimbo ya chokaa, vumbi lake ni jeupe wakati vumbi la Likasi nzima ni jekundu, na kila mtu aingiaye mjini kutoka huku hujulikana kwa viatu vyake. Mawe haya hayauzwi kwa uzuri wake. Katika viwanda vya shaba na kobalti, ambako madini huyeyushwa kwa asidi, chokaa ndiyo ipozayo asidi hiyo na kuyafanya madini yasiyotakiwa yashuke chini. Nayo sehemu iliyobaki hugeuzwa kokoto na wanaume na wanawake waketio kivulini mwa maturubai, wakigonga kwa nyundo, kila mmoja kwa pigo lake, hata sikio la mpigaji ngoma lisipate raha, likitafuta bila ya kukusudia mahali ambapo mapigo hayo yatakutana.

Kanisa lilikuwa la matofali ya kuchoma na mabati, na spika ya besi ilikuwa sanduku lililopigwa na seremala wa hapa hapa. Vijana wa kwaya walilizunguka gitaa, wakalihesabu nyuzi, wakahesabu tena. Mpigaji wao wa besi, kijana mwembamba mwenye adabu, ambaye besi yake ya nyuzi nne ilikuwa imekwisha rangi yote mahali pa kiwiko, aliniuliza kwa ule upole ambao ndani yake mna mtihani, "Papa, hii kamba ya tano iko ya kazi gani?" Nikampa gitaa aulize mwenyewe.

Aliupiga uzi wa B mara moja, wazi, akauacha. Bati moja juu ya mimbari lilijibu kwa mlio wake, kisha jingine karibu na mlango, na watoto waliokuwa dirishani wakacheka. "Inaingia mu tumbo," akasema. Na kweli huingia. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 11 na kidogo, ambao ulizidi upana wa kanisa lenyewe, na kwa hiyo aliyeketi pembeni alisikia besi nyingi hata akakunja uso, na aliyesimama katikati akauliza kama tumekwisha kuanza. Fauka ya hayo, sanduku la seremala halikuwa na uwezo wa kushuka hadi mitetemo 31. Lilitoa ile ya 62 na ya 93, watoto wa sauti ya kwanza, nalo sikio, kwa hila ambayo Mwenyezi Mungu ameliumbia, likaikamilisha sauti ya mzazi isiyokuwapo. Nilimweleza maestro jambo hili, akafurahi sana, akasema basi hana haja ya kununua spika kubwa.

Kabla ya wimbo wa pili gitaa lilianza kukoroma, sauti ikapasuka, na nikajua ni betri. Tulipolifungua kifuniko cha nyuma, yule kijana akasogea na tochi ya simu, akaomba aonyeshwe kila kitu. Na hapo ndipo nilipojikuta nasoma Katanga ndani ya gitaa. Vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ambavyo wapigaji huviita pikapu, ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara: uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika shaba, na umeme huo ndio sauti. Sumaku za gitaa langu ni za alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, na katika aina itumikayo zaidi takriban robo nzima ni kobalti. Hata zile freti za shingoni, zing'aazo hata mtu akadhani ni fedha, kwa sehemu kubwa ni shaba iliyochanganywa na zinki na nikeli. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akaelekeza kidole upande wa Shituru, ambako shaba imekuwa ikisafishwa kwa umeme tangu mwaka 1929, akauliza kama ni ileile. Hakuna awezaye kumjibu. Shaba ya mahali pengi huyeyushwa chungu kimoja kabla ya kuvutwa waya, na pasipoti haina. Ila sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia siku hizi hutoka katika nchi hii, na malori niliyopishana nayo yalikuwa yakishuka bandarini kwetu, na makontena ya vyombo vya umeme kutoka Asia yakipanda kwa barabara hiyohiyo. Kwa hiyo dhana ya kijana ilikuwa na miguu ya kutembelea kuliko hadithi nyingi ninazozisikia zikisemwa kwa yakini.

Betri ilipatikana dukani kwa jirani, tukaanza upya, na tulikuwa katikati ya ubeti umeme ulipokatika. Hili si jambo geni, wala hakuna aliyeguna, ingawa bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira limekuwa likizalisha umeme kwa ajili ya viwanda hivi tangu mwaka 1930. Kwaya haikunyamaza, iliendelea kwa sauti nne kama iliyokuwa ikingojea ruhusa, na waliozima ni sisi wenye waya. Betri yangu mpya haikufaa kitu, kwa kuwa hutia nguvu ndani ya gitaa tu na haina la kusema bila amplifaya. Ndipo mzee mmoja wa sauti ya chini akatoa nyuma ya kabati gitaa kavu lenye nyuzi tano kati ya sita, akaanza kucheza kwa gumba na shahada, mtindo uleule, bila ya kumtaja Bosco wala mtu yeyote, kama mtu asemavyo lugha ya nyumbani kwao.

Niliomba aurudie mwendo wa gumba peke yake. Akanitazama, akaurudia, polepole, katika C. Kwenye besi ya nyuzi nne C ya chini kabisa iko juu ya uzi wa A, freti ya tatu. Kwenye hii yangu kuna nyingine chini yake, freti ya kwanza ya uzi wa B, na kijana aliyekuwa amelipakata gitaa langu lililozima aliiona mara moja, akaufuata mwendo wa mzee kwa vidole juu ya nyuzi zisizotoa sauti ila mkwaruzo, akipanda G na A mahali pa kawaida na kushuka katika ile C ya chini pale tu mzee aliposhusha kichwa kumaliza mzunguko. Mara moja katika kila mzunguko, wala hakuzidi. Hakuna aliyemwagiza hivyo, na mimi niliyelinunua gitaa, na kwa siku zile zote Lubumbashi nilikuwa nikiufanyia uzi huo kazi kwa kila noti iliyoniruhusu, nilipata fatwa yangu hapo: uzi wa tano ni wa kushukia, na mwenye kuukalia daima huwa ameishusha sakafu tu bila ya kuongeza chumba.

Umeme ulirudi baada ya kwaya kwisha kutawanyika, tukacheza watatu hadi maestro alipotaka kufunga mlango. Nilipokuwa nikilikunja begi nilimwuliza kijana wapi Likasi naweza kupata nyuzi za akiba, kwa maana hizi zimechoka na Lubumbashi maduka niliyoyapitia yalikuwa na seti za nne tu. Akacheka. Yeye hanunui, huzivua nyuzi zake, akazichemsha katika sufuria juu ya mbabula na sabuni kidogo, mafuta ya vidole na vumbi la chokaa vikatoka, akazianika na kuzirudisha, na zikalia kama mpya kwa muda wa ibada kadhaa. Huu wa tano, akanionya, kwa unene wake umekamata uchafu zaidi katika mikunjo, kwa hiyo usichemshwe pamoja na wenzake. Uachwe sufuriani zaidi, na sufuria isiwe ile ya mama ya kupikia bukari.